Kitu Kimoja kwa Jina Lake

Habari ilimkuta Kinanda kwenye kiti cha kinyozi, kichwa kimenyolewa upande mmoja na upande wa pili unasubiri zamu. Redio iliyokaa juu ya kioo ilikuwa inatangaza kwamba Ijumaa Kamati ya Bunge ingekaa mbele ya wananchi kuuhoji mtambo wa kompyuta wa kusajili magari, pamoja na wakubwa walioununua. Malalamiko yalikuwa yamefika shingoni. Mtu hajawahi kuwa na gari, mtambo unamwandikia makosa ya barabarani. Mwingine ana pikipiki tu, mtambo unashikilia kwamba ana basi la abiria. Mwenyekiti wa Kamati, mama mwenye sauti inayokemea hata inaposalimia, aliwaambia waandishi wa habari kwamba hataki kuonyeshwa picha za rangi ukutani kisha arudishwe nyumbani ameshiba soda. Mtambo huo angeujaribu mwenyewe, alisema, kwa gari moja analolifahamu vizuri.

Hayo maneno ya mwisho Kinanda hakuyasikia. Akili yake ilikuwa imeshatoka kwenye kiti cha kinyozi, imefika Bungeni, na ilikuwa inatafuta pa kukaa.

“Malizia upesi, fundi,” alimwambia kinyozi. “Nahitajika Bungeni.”

“Umeitwa na nani?”

“Wenyewe bado hawajajua.”

Jina hilo la Kinanda alipewa na watu wa foleni ya ofisi ya usajili, kwa sababu mdomo wake ulikuwa tayari kupiga wimbo wowote utakaoombwa. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye korido ya ofisi ile, kati ya mlango wa choo na dirisha la alama za vidole, na kuwauzia watu vitu ambavyo serikali inavitoa bure: fomu, nafasi kwenye foleni, na siku moja, kwa mzee mmoja aliyekuwa na haraka zake, ruhusa ya kutoka nje.

Sasa tuje kwenye la kusikitisha. Katika dunia nzima hapakuwa na kitu hata kimoja chenye jina la Kinanda. Chumba alichopanga kiliandikwa jina la binamu. Laini ya simu ilikuwa ya shangazi aliyehama zamani. Hata baiskeli aliyowahi kuwa nayo ilikuwa na jina la mtu ambaye mpaka leo anaitafuta. Mpango huu ulimfaa sana kikazi, maana mtu asiyeandikwa popote hatafutwi popote. Ulikuja kumharibikia siku alipompenda fundi cherehani wa mtaa wa pili.

Fundi cherehani alikuwa mpole wa maneno na mkali wa mkasi, naye alimpenda Kinanda kwelikweli, akiujua ujanja wake nusu na nusu nyingine akiikisia. Tatizo lilikuwa baba. Baba mtu alikuwa mwalimu wa udereva, mzee aliyemaliza ujana wake kwenye kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya ziada, na wachumba wa bintiye aliwaangalia hivyo hivyo. Kinanda alipokwenda kujitambulisha alieleza kwa urefu kwamba yeye ni ofisa wa masuala ya magari. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akamtilia chai ya pili, kisha akamwambia polepole.

“Kijana wangu, sihitaji uwe tajiri. Nataka kitu kimoja tu ambacho serikali inajua ni chako. Siku nikisikia jina lako limeandikwa mahali, na ni lako wewe, uje tuzungumze.”

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kurudi na jibu. Fundi cherehani alikuwa amemwambia wazi kwamba akija mikono mitupu safari hii, hatamsubiri tena. Alilisema hilo huku machozi yanamtoka, na likamuuma Kinanda kuliko kama angetukanwa. Kwa hiyo pale kwenye kiti cha kinyozi hakuwa anawaza pesa, kama mlivyokwisha kumdhania. Alikuwa anawaza gari. Gari zuri, kwa jina lake, kabla ya Jumamosi.

Cha kwanza alichohitaji ni cheo, na cheo alikuwa nacho kwenye mkoba. Mwaka uliopita alijipenyeza kwenye kamati ya maandalizi ya harusi ya watu, akala vikao vyote, akaondoka na kitambulisho cha kuvaa shingoni. Kilikuwa kizuri, kina kamba ya bluu na ganda la plastiki, na kimeandikwa KAMATI kwa herufi kubwa. Chini yake yalichorwa maua na majina ya maharusi. Kinanda alichukua mkasi, akakata maua, akakata maharusi, na serikali ikabaki.

Cha pili alichohitaji ni mtu mwenye magari mengi na tamaa nyingi. Hapo hakuumiza kichwa. Mwenye yadi kubwa ya magari yaliyotumika, kule nyuma ya kituo cha mafuta, aliitwa Mama Yadi na watu wote, pamoja na wale waliokuwa wanamdai. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye kukaa kwenye kiti cha gari lililokufa alichokigeuza kuwa kiti cha ofisi, na sifa yake mjini ni kwamba ukinunua gari kwake, hata ile harufu nzuri ya ndani atakuuzia kando. Kinanda alimkuta anasikiliza redio. Aliipunguza sauti, akamwita mwanangu, akamvutia tairi akae.

Kinanda akapiga kinanda. Alimweleza kwamba ametumwa na Kamati kuwapa tahadhari wafanyabiashara waaminifu, nao ni wachache. Alimfumbulia siri ya mtambo, ambayo haikuwa siri kwa yeyote aliyewahi kusimama kwenye ile korido: mtambo ule humjua mmiliki wa mwisho tu. Gari likihamishiwa kwa mtu mpya, wa kabla yake anafutika, kama hajawahi kuliona. Basi Kamati, alisema Kinanda akishusha sauti, Ijumaa itaagiza mtambo uanze kukumbuka wote. Yadi zitapekuliwa. Gari lolote lenye mashaka litavutwa na kuwekwa juani mpaka matairi yaote majani. Isipokuwa, kwa bahati, magari ya maofisa wa Kamati, ambayo hayaguswi na mtu.

Mama Yadi alishika shavu. Aliuliza kama kuna njia ya kumsaidia mjane kama yeye. Kinanda alifikiri kwa muda wa kutosha mtu kumwona anafikiri, kisha akasema ipo, ingawa inamtia yeye mwenyewe hatarini: anaweza kukubali gari moja, lile lenye thamani kuliko yote, liandikwe jina lake kwa muda. Upepo ukitulia atalirudisha.

“Na nitajuaje kama utalirudisha, mwanangu?”

“Mama, mimi ni mtu wa serikali.”

Mama Yadi alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya khanga, akaomba radhi, akasema ni kicheko cha faraja. Akamzungusha yadi nzima. Alimwonyesha kigari kimoja kisicho na milango, kingine chenye milango mizuri lakini hakina injini, na cha tatu ambacho kuku wa jirani alikuwa ametagia. Nyuma kabisa, ukutani, palikuwa na gari limefunikwa turubai.

“Na lile?” aliuliza Kinanda.

“Lile liache. Lile hata mimi mwenyewe sipendi kulitazama. Linanitia presha.”

Mjanja kuambiwa kitu akiache ni sawa na kupewa. Kinanda aliinua pembe ya turubai na moyo wake ukaruka. Lilikuwa gari la wakubwa, refu, la bluu iliyokoza, viti vya ngozi, na rangi yake ilikuwa mpya kiasi kwamba alijiona ndani yake mzima mzima pamoja na kitambulisho chake. Alijiona pia anasimama mbele ya nyumba ya mwalimu wa udereva, anazima injini taratibu, na mzee anatoka nje akiwa bado ameshika kikombe. Alimbembeleza Mama Yadi mchana kutwa. Mama Yadi alikataa, akaguna, akasema roho inamsuta, akakataa tena, na mwishowe akakubali kwa unyonge wa mtu anayeng’olewa jino. Alikuwa na sharti moja dogo tu. Funguo angempa Ijumaa baada ya kikao, palepale Bungeni, kwa sababu anataka amwone kwa macho yake akiwa kazini na wakubwa.

“Si kwamba nakutilia shaka,” alisema. “Nataka tu nijivunie mwanangu.”

Kinanda hakulala kwa furaha. Asubuhi ya Alhamisi walikwenda wote wawili ofisi ya usajili. Karani wa dirisha la alama za vidole, aliyemzoea Kinanda kama alivyozoea ukuta, alimuuliza leo kamleta nani. Kinanda akasema amejileta mwenyewe. Mama Yadi aliweka dole gumba lake kwenye kioo kidogo chenye mwanga wa kijani. Kisha Kinanda akaweka la kwake, dole lake halisi, ambalo lilikuwa halijawahi kuaminiwa na mashine yoyote. Jina lake likatokea kwenye skrini, majina yote matatu, na yeye akalitazama muda mrefu mpaka karani akauliza kama limekosewa.

“Hapana,” alisema Kinanda. “Nilikuwa nimelisahau kidogo.”

Karani alimwambia atazame kamera na asicheke. Alicheka, na mtambo ukapokea.

Ijumaa, ukumbi wa Kamati ulijaa. Zulia lilikuwa zito, vipaza sauti vilikuwa na taa nyekundu, na ukutani palitundikwa skrini kubwa ambayo mkuu wa mtambo, kijana wa tai na miwani, alikuwa anaifuta kwa leso yake mwenyewe. Kinanda aliingia kama mwananchi mwingine yeyote, akapekuliwa getini, akaandikwa. Akajifungia chooni, akavaa kile kitambulisho cha KAMATI, na alipotoka alikuwa ofisa. Mama Yadi alikuwa ameshakaa benchi la nyuma karibu na mlango, mkoba mapajani, funguo zikiwa zimechungulia nje kidogo.

Sasa ilibidi aonekane kazini. Kinanda alitafuta kazi na kuiona: jagi la maji lilikuwa mbali na Mwenyekiti. Alilibeba kwa mikono miwili, akapita mbele ya wabunge wote kwa mwendo wa msiba, akamimina glasi moja bila kumwaga tone, akainama sikioni pa Mwenyekiti na kumwambia kwamba maji si ya baridi, kwa ajili ya sauti yake.

“Asante sana,” alisema Mwenyekiti. “Angalau kuna mtu mmoja anayefanya kazi hapa.”

Kinanda aligeuka na kumtazama Mama Yadi. Mama Yadi alimpungia mkono, uso umejaa fahari. Kwa dakika ile mtu angemwambia Kinanda kwamba si mtumishi wa Bunge, angekasirika kwa dhati. Akasimama ubavuni, mikono nyuma, kama wasimamavyo watumishi.

Kikao kikaanza, na mkuu wa mtambo akaeleza mambo mengi. Mtambo una kasi. Mtambo una usalama. Mtambo umesifiwa na waliouuza. Mbunge mmoja akauliza kwa nini mtambo wa usajili na mtambo wa polisi haiongei, akajibiwa kwamba imetambulishwa lakini bado haijazoeana. Mwingine akauliza kwa nini mtambo hauwajui wamiliki waliopita. Kijana alisema kumbukumbu za ziada zingeulemea. Mwenyekiti alikunywa maji yake, akavua miwani, akaivaa tena.

“Mimi nilikuwa na gari,” alisema. “Jeupe. Niliibiwa nje ya hospitali, nilipokwenda kumtazama mama yangu, na mama akafariki wiki hiyohiyo, kwa hiyo siku ile siwezi kuisahau. Polisi wameniambia halionekani. Namba zake za bamba najua zitakuwa zimebadilishwa. Lakini namba ya chesisi, iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, ninayo kichwani. Andika.”

Alizitaja moja moja. Kijana wa miwani aliziandika, na ukumbi mzima ukasikia vidole vyake. Kinanda naye alinyoosha shingo kutazama, kama mtazamaji mwingine yeyote, na kwa kweli alikuwa anamwonea huruma yule mama.

Skrini ikawaza. Kisha ikafunguka. Gari lilionekana. Aina yake ilikuwa ileile, chesisi ileile, ila rangi ilikuwa bluu iliyokoza. Limehamishwa jana. Na pembeni, kwa ukubwa wa mlango, ilikuwepo picha ya mmiliki, kichwa kimenyolewa vizuri, anacheka.

Lazima tuseme ukweli hata kama ni wa aibu. Kitu cha kwanza alichokihisi Kinanda hakikuwa hofu. Kilikuwa fahari. Jina lake lilikuwa ukutani, majina yote matatu, chini ya nembo ya taifa, na Mwenyekiti wa Kamati alikuwa analisoma kwa sauti kwenye kipaza sauti. Hakuna aliyewahi kulisoma kwa heshima namna hiyo. Hofu ilifika baadaye kidogo, ikiwa imekimbia njia nzima.

“Mtu huyu nimemwona wapi?” aliuliza Mwenyekiti. Alitazama skrini. Alitazama glasi yake ya maji. Halafu akageuza kichwa polepole, na wabunge wote wakageuka naye.

Kinanda alitafuta benchi la nyuma. Mama Yadi alikuwa amekwisha simama. Hakuwa na haraka wala woga. Alizisukuma funguo ndani ya mkoba, akafunga zipu, akamtazama Kinanda kwa macho ya mzazi anayemsindikiza mtoto kambini, akatoka na kuufunga mlango taratibu ili asikatize kikao. Ndipo Kinanda alipoyakumbuka mambo yote kwa mpigo: redio iliyopunguzwa sauti alipoingia yadi, rangi mpya, turubai, na kicheko kile cha faraja. Alikuwa ametumia mchana mzima kumbembeleza mtu amtwishe mzigo ambao mtu huyo alikuwa anaomba usiku na mchana aje wa kuubeba.

“Mheshimiwa, gari si langu,” alisema. “Nimepewa jana tu na mwenye yadi.”

Mwenyekiti alimgeukia mkuu wa mtambo na kumuuliza gari hilo lilikuwa la nani kabla ya jana. Kijana alibonyeza, akabonyeza tena, akapangusa jasho.

“Mtambo hauna kumbukumbu hiyo, Mheshimiwa.”

“Na kwa nini huyo mwenye yadi akupe wewe gari?” aliulizwa Kinanda.

Hapo kinanda kilikosa wimbo. Kueleza kwa nini alipewa gari kulihitaji kueleza kwanza yeye ni nani, na yeye ni nani lilikuwa linaning’inia kifuani mwake kwa kamba ya bluu. Askari wa Bunge, mzee wa masharubu, alikuwa ameshafika na kukishika kitambulisho kile kwa vidole viwili. Alikigeuza nyuma, hakukuta kitu, akakigeuza mbele.

“Kamati gani hii?” aliuliza askari.

Kinanda alikuwa na majibu mengi na yote yalikuwa mazuri. Lakini alichoka ghafla, na likatoka lililo kweli.

“Ya harusi, afande.”

“Harusi ya nani?”

Maua yalikuwa yamekatwa, na maharusi pia. Kinanda aliifikiria kesho, nyumba ya mwalimu wa udereva, na kikombe mkononi mwa mzee.

“Nilitaka iwe yangu,” alisema.

Ukumbi ulicheka, lakini yule askari hakucheka. Mwenyekiti aliagiza, kabla hata Kinanda hajatolewa mlangoni, kwamba kuanzia saa ile mtambo uanze kuwakumbuka wamiliki wote, wa sasa na wa kabla, au ung’olewe urudishwe ulikotoka. Wananchi walipiga makofi. Lilikuwa azimio zuri, na taifa litamshukuru. Kinanda aliona tu kwamba limechelewa kwa siku moja.

Kwenye chumba cha walinzi alipewa benchi, na baada ya kuulizwa yote na kuyajibu yote, habari za Mama Yadi zikiwemo, aliambiwa kwamba askari wametumwa yadi. Walirudi na gari. Lilikutwa nje ya lango, limeoshwa, funguo zimebanwa kwenye waipa ya kioo cha mbele. Mama Yadi aliwaambia kwamba kijana aliomba kuegesha hapo, naye kwa huruma yake akamruhusu, na je, nani atalipia maegesho.

Yule askari wa masharubu alimsukumia simu ya mezani bila kumtazama. Kinanda alipiga namba moja aliyoijua kwa moyo. Ilipopokelewa alisikia cherehani inazunguka, kisha ikasimama. Hakujua aanzie wapi, kwa hiyo akauliza kama wamesikia.

“Tumesikia,” alisema fundi cherehani. “Kikao kilikuwa redioni moja kwa moja. Baba alikuwa barabarani na mwanafunzi, akakanyaga breki katikati ya njia. Wamepigiwa honi na mji mzima.”

Kinanda alifumba macho. Alimwambia asimsubiri, kwamba alikuwa na haki tangu mwanzo, na kwamba anampenda, na hilo halikuwa wimbo. Upande wa pili alisikia sauti nzito ikiuliza jambo, na fundi cherehani akijibu pembeni mwa simu, na alipomrudia sauti yake ilikuwa na kilio na kicheko ndani yake, pamoja.

“Baba anasema alikwambia siku atakaposikia jina lako limeandikwa mahali, uje mzungumze,” alisema. “Anasema amelisikia. Majina yote matatu. Ukitoka huko, uje.”

“Amesema hivyo?”

“Amesema hivyo. Ila uje kwa miguu.”